Vile unasoma homoni ya peptidi ujue metali itaishika wapi

Kukhu yangu, yaani nyanya, anaishi upande wa Butere na yuko kwa insulini miaka kadhaa sasa, ile ya maziwa, ile ukiacha chupa imesimama unga mweupe unatulia chini. Msimu wa mavuno nlienda kumsaidia na mahindi, jioni tumeketi nje tunapukusa akaniambia nimsomee ile karatasi ndogo hukuja kwa boksi ya dawa ju herufi zake ni kama sisimizi, nikasoma nikasoma nikafika mahali wameandika kuna zinki ndani. Akasimamisha mkono na gunzi lake. "Zinki si ndo ile wanapaka mabati?" Nikamwambia eeh kukhu, ni hiyo hiyo. "Kwa hivyo nadungwa mabati."

Sasa mimi kazi yangu ni ya labu, natayarishia watoto wa shule praktiko za kemia na bayo, ningefaa kuwa na jibu pale pale, na sikuwa nalo, nilisema tu ni kidogo sana kukhu usijali, jibu la mtu anakwepa. Nimekaa nayo nikaona niandike vizuri, pia kwa wale wa fom foo na wa mwaka wa kwanza chuo wanaoniulizanga metali inashikaje homoni. Utahitaji karatasi, kalamu mbili za rangi, na ukipata labu karibu, yai moja.

Kabla hujachora chochote toa akilini ile picha ya sumaku. Wengi wakisikia metali imeshika homoni wanafikiria sumaku na msumari, ati inanata popote. Hapana. Ioni ya metali ni atomu imepoteza elektroni zake za nje, iko na njaa, inatafuta mahali kuna jozi ya elektroni imekaa bure. Hiyo jozi ndo mkono. Naitrojeni iko nayo, oksijeni iko nayo, salfa iko nayo, kaboni za kawaida hazina cha kupeana. Kwa hivyo kazi yako ni kuuliza nani ako na mkono, mkono uko wazi ama kuna mtu ameushika, na hii metali inapenda mkono wa aina gani. Zingine ni kuhesabu.

Tuanze na oksitosini ju ni fupi, na mtu yeyote amewahi kaa wodi ya wamama ameisikia, ndo wanadunga mama akishajifungua damu isimwagike sana. Homoni ya peptidi ni kama shanga, kila ushanga ni asidi amino, na oksitosini iko na shanga 9 tu. Ziandike kwa mstari kutoka kichwa hadi mkia: sisteini, tairosini, aisolusini, glutamini, asparajini, sisteini, prolini, lusini, glaisini. Ni fupi hivi ndo maana Vincent du Vigneaud wa Marekani aliweza kuiunda labuni 1953, ikawa homoni ya kwanza ya peptidi kuundwa na binadamu, na 1955 akapewa Nobel ya kemia.

Chukua kalamu nyekundu uzungushie wenye mikono. Kichwa kila wakati, ju pale mwanzo kabisa kuna naitrojeni haijafungwa na mtu, isipokuwa homoni ambazo kichwa chao kimezibwa, ntakuja hapo. Histidini, hiyo usiwahi kuipita, ndo mfalme wa hii stori, iko na kapete kanaitwa imidazoli na naitrojeni yake inapendwa na karibu kila metali ya maana. Sisteini ju ya salfa. Aspatiki na glutamiki ju ya oksijeni zao mbili mbili. Tairosini uizungushie na nukta nukta, mkono wake upo lakini haufunguki kirahisi. Alafu kalamu nyeusi, kata lusini, aisolusini, valini, alanini, fenilalanini, hao wamejaa kaboni na haidrojeni, hawana cha kupeana metali.

Hapa watu huanguka mara mbili. Ya kwanza ni laisini na ajinini. Ziko na naitrojeni, unaona unazungushia kwa furaha, lakini ndani ya mwili mikono yao imeshikwa na protoni, yaani haidrojeni iliyopoteza elektroni yake, na wako na chaji chanya, sasa chanya na metali chanya hawaketi pamoja. Ya pili ni mbaya zaidi ju hata mimi ilinipata: sisteini mbili za oksitosini. Utazungushia zote mbili, na kumbe salfa zao zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, zimefanya daraja, homoni yote imekunjwa kama pete kubwa na kamkia kadogo. Daraja la salfa si mkono wazi. Insulini pia ni hivyo, iko na sisteini 6 na zote 6 zimeishia kwa madaraja 3. Kwa hivyo ukimwambia mwanafunzi zinki inapenda salfa, ni kweli, alafu achore zinki imeshika sisteini ya insulini, amekosa, na kosa si lake peke yake.

Haya, metali nazo. Kila moja iko na tabia. Magnesiamu na kalsiamu ni ngumu, ndogo kwa chaji yao, zinapenda oksijeni, ukiona aspatiki na glutamiki zimekaa karibu fikiria hizo. Zinki iko katikati, inakula naitrojeni ya histidini, inakula salfa, hata oksijeni haikatai, na mara nyingi inataka mikono minne imeizunguka kama pembe za piramidi. Shaba ya chaji mbili, ile ya mrututu wa samawati tunauita kopa salfeti shuleni, inapenda naitrojeni kupita zote na inataka mikono minne pia, lakini imelala flati kama meza. Fedha na zebaki ni laini, hizo zinapenda salfa zaidi. Na zikipigania mkono mmoja, shaba hushinda zinki karibu kila saa, na hushinda nikeli, kobalti, chuma na manganizi pia, kuna mpangilio unaitwa Irving-Williams wa 1948 unasema hivyo na mpaka leo haujaachwa. Kwa nini basi mwilini zinki ndo inaonekana zaidi kwa homoni na si shaba? Ju mwili unaficha shaba, kila ioni iko na mlinzi wake, haiachwi kuzurura.

Sasa kitu ambacho vitabu hupita mbio na ndo kinaamua mambo, pH, kile kipimo cha asidi. Mkono unaweza kuwa mzuri na bado umekaliwa. Ni kama kiti cha matatu ya Kisumu kwenda Busia saa kumi na mbili jioni, kiti kipo, unakiona, lakini kuna mtu. Huyo mtu ni protoni. Kila mkono uko na namba yake inaitwa pKa, pH ikiwa chini ya hiyo namba kiti kimekaliwa kwa wingi, ikipita juu abiria wameanza kushuka. Histidini ni karibu 6, kwa hivyo kwa damu yenye pH 7.4 viti vyake vingi viko wazi, na ndo maana nasema ni mfalme. Kichwa cha mnyororo ni karibu 8, sisteini iliyo huru pia karibu 8, hao wako nusu nusu lakini metali nzuri huwashusha abiria. Aspatiki na glutamiki ni 4 hivi, wako wazi muda wote. Laisini inapita 10, ajinini inapita 12, waache. Ukitaka kuona ni kitu gani, chukua homoni ile ile uiweke kwa kikombe mbili, moja siki na moja maji ya Ziwa Nakuru ambayo pH yake ni karibu 10 ju ya magadi, uweke metali ile ile, utapata shikano mbili tofauti kabisa. Ukiona mtu amechora metali na homoni na hajaandika pH, muulize.

Naitrojeni za uti wa mgongo wa mnyororo, zile ziko kwa kila kifundo kati ya ushanga na ushanga, pKa yake ni karibu 15. Kwa maji ya kawaida haziachi protoni ng'o. Lakini shaba inaweza kuzilazimisha, na hii umeiona kwa macho yako fom wani na hukuambiwa. Ni ile testi ya Biuret.

Tufanye. Ute mweupe wa yai moja, koroga na maji kama mara tano yake, chuja na kitambaa. Weka cm³ 2 kwa testi tyubu. Ongeza cm³ 2 za sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10, hiyo ni soda kostiki, inakula ngozi na ikiingia jicho ni hospitali mara hiyo, vaa miwani na glavu na usifanyie jikoni. Alafu kopa salfeti ya asilimia 1, tone moja, tikisa, tone lingine, tikisa. Angalia lile tone la kwanza kwa makini. Linaingia samawati, linatengeneza kawingu kadogo, unatikisa kawingu kanapotea, na pale kamepotelea maji yanabaki na zambarau hafifu, rangi ya ulimi wa mtoto ametoka kupanda mzambarau. Tone la tano la sita inakolea. Hiyo zambarau ndo shaba imeng'oa protoni kwa vifundo na kushikwa na naitrojeni nne kwa flati. Mahali haina protini hiyo shaba ingeganda tu kuwa jeli ya samawati na kuzama.

Na usimwage nyingi. Kuna mwaka nlichanganya lebo nikawapea darasa zima kopa salfeti ya asilimia 10 badala ya 1, meza zote zikawa samawati tupu, watoto arubaini wakaandika hakuna protini kwa yai. Kwa yai! Zambarau ilikuwepo chini, imefunikwa na shaba iliyobaki bila wa kuishika. Mwalimu aliniangalia tu.

Ukitaka kuhakikisha ni mambo ya protoni, ongeza siki kwa ile zambarau, siki nyeupe ya duka, lakini pole pole, na utahitaji zaidi ya mara tatu ya ile soda uliweka ju siki ni dhaifu na tyubu itapata moto kidogo. Itafika mahali zambarau inakatika yote, inarudi samawati iliyofifia, pengine na ukungu. Abiria wamerudi kwa viti, shaba imetupwa nje. Hii sehemu haiko kwa silabasi na mimi naona ndo ingefaa kuwa.

Kuna masharti, lazima kuwe na vifundo angalau viwili. Glaisini peke yake haikupi hiyo zambarau, na shanga mbili zenye kifundo kimoja pia hapana. Na jina Biuret halitoki kwa mtu, ni kemikali inayotokea ukipasha urea moto, nayo pia inashika shaba hivyo hivyo na kutoa rangi hiyo hiyo. Ukiwa na gunia la urea la kupalilia mahindi, soma kwa mgongo wake, mara nyingi wameandika kiwango cha biuret, ju ikizidi inachoma mimea. Wakulima wa huku wamekuwa wakisoma hilo neno miaka bila kujua ni shemeji wa praktiko ya mtoto wao.

Turudi kwa karatasi ya oksitosini. Shaba huanza kwa kichwa, inashika ile naitrojeni ya sisteini ya kwanza, alafu inaingia kifundo kinachofuata inang'oa protoni inashika naitrojeni yake. Hesabu atomu za hiyo pete iliyotokea: shaba, naitrojeni, kaboni, kaboni, naitrojeni, tano. Pete ya tano ndo inakaa raha zaidi. Shikano ya mikono miwili na zaidi kwa molekuli moja inaitwa keleti, jina limetoka kwa Kigiriki la gando la kaa, na ukiwahi kushikwa na kaa unaelewa mbona mkono mmoja ukiachia metali bado haiendi. Shaba inaendelea hivyo, kifundo cha tairosini, cha aisolusini, cha glutamini, pamoja na kichwa ni naitrojeni nne, meza imejaa, inasimama. Vasopresini, ndugu ya oksitosini anayezuia mkojo, ni vile vile tu, tofauti ya ushanga wa tatu na wa nane haigusi huu mchezo.

Nini huzuia shaba kutembea? Prolini. Naitrojeni ya prolini imejikunja ndani ya pete yake yenyewe haina haidrojeni ya kung'olewa, kwa hivyo shaba ikifika hapo ni rodi bloku. Kwa oksitosini prolini iko nafasi ya 7, mbali, haisumbui. Lakini ukikuta peptidi ina prolini nafasi ya pili, usichore shaba ikipita hapo.

Histidini nayo huvuta shaba kulingana na nafasi. Ikiwa ya tatu kutoka kichwa ni kama umepanga ugali na samaki, kichwa, vifundo viwili, na pete ya histidini inafunga meza, nne kamili. Albumini, protini ya damu yetu, iko hivyo, aspatiki, alanini, histidini, na hapo ndo damu hubebea sehemu ya shaba. Si homoni lakini jifunze nayo. Na wale wa kichwa kilichozibwa niliosema, mfano ni GnRH, ile ya shanga 10 inatoka kwa ubongo kuamsha homoni za uzazi, kichwa chake kimejifunga kuwa kapete, hakuna mkono, lakini ushanga wa pili ni histidini, kwa hivyo shaba inaanzia hapo. Ukifuata tu sheria ya anza na kichwa bila kuangalia utaanguka.

Zinki sasa, na kukhu. Zinki haina huo ubabe wa kung'oa protoni kwa vifundo kwa pH ya mwili. Hiyo inamaanisha uti wa mgongo unauacha, unatafuta tu mikono ya pembeni. Andika insulini ya binadamu: shanga 51, minyororo miwili, A yenye 21 na B yenye 30. Zungushia histidini. Ziko mbili tu, zote kwa mnyororo B, nafasi ya 5 na ya 10. Ya 10 ndo kazi.

Lakini histidini moja ni mkono mmoja, na zinki inataka kadhaa. Ndo insulini inafanya kitu kizuri sana, zinashikana mbili mbili kwanza, alafu jozi tatu zinakuja kuzunguka duara, jumla sita, na katikati kila jozi inanyoosha histidini ya 10. Tatu zinakutana. Mafiga matatu, na zinki imekaa juu kama sufuria. Upande wa pili wa duara kuna mafiga mengine matatu na sufuria nyingine, kwa hivyo insulini 6 kwa zinki 2, na mikono inayobaki ya zinki inashikwa na maji ama kloridi. Ukitoa zinki, mfano ukiweka kemikali inaitwa EDTA ambayo ina mikono 6 kwa molekuli moja, hiyo sita inalegea.

John Jacob Abel wa Marekani alipata fuwele za insulini 1926 na wengine wakijaribu haitoki vizuri, leo inakubali kesho inakataa, mpaka 1934 D. A. Scott wa Toronto akaonyesha ni zinki iliyokuwa inakosekana, pengine zile fuwele za kwanza zilipata zinki bila mtu kujua. Dorothy Hodgkin wa Uingereza akapiga picha za eksrei za hizo fuwele miaka ya 30 na akamaliza kuchora umbo lote 1969. Mama alikaa na hiyo kitu zaidi ya miaka thelathini.

Mwili nao ulijua kitambo. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini ziko na pampu inaitwa ZnT8 kazi yake ni kuingiza zinki kwa vifuko vya insulini, ili ikae imepakiwa sita sita mpaka siku ya kutolewa. Ikimwagwa kwa damu inachanganyika na maji mengi, sita inavunjika kuwa mbili mbili, alafu moja moja, na ni ile moja tu inaweza kuingia kwa kipokezi cha seli. Hapo ndo unaelewa mbona insulini ya kawaida unaambiwa ujidunge kama nusu saa kabla ya kula, ni wakati wa kupakua mzigo. Insulini lispro ya 1996 waligeuza shanga mbili za mwisho mwisho wa B, ya 28 na ya 29, zikabadilishana nafasi, jozi zikalegea na ikawa inafanya kazi mapema. Upande mwingine, ile ya maziwa ya kukhu imewekwa protini inaitwa protamini pamoja na zinki makusudi ichelewe, ule unga mweupe ni fuwele ndogo ndogo zinazoyeyuka pole pole chini ya ngozi. Kwa hivyo unaibiringisha katikati ya viganja mpaka weupe usambae sawa, haupigi kama chupa ya mursik. Usipoibiringisha leo unavuta maji, kesho unavuta unga. Na ikiganda kwa friji, hata ikiyeyuka ikaonekana sawa, tupa. Joto la Kisumu pia si la kuchezea, akiba ikae kwa friji nyuzi 2 hadi 8, na unayotumia fuata karatasi yake ama muulize nasi wa kliniki.

Glargini, insulini nyingine ya kuchelewa, nayo ni somo zuri la pH. Kwa chupa imewekwa pH 4, asidi, imeyeyuka safi kama maji. Ukidunga inakutana na pH 7.4 ya mwili, imegeuzwa makusudi iwe haiyeyuki vizuri hapo, inaganda kuwa punje chini ya ngozi, zinki inasaidia kuishikilia, na inaachia kidogo kidogo karibu siku nzima. Sasa unaona mbona wanakataza kuichanganya na insulini nyingine kwa sindano moja, umeshaharibu pH.

Jaribu swali hili bila kuangalia mbele. Simbilisi, wale watoto huku hufuga kwa boksi nyuma ya jikoni, insulini yao nafasi ya 10 ya mnyororo B haina histidini, iko na asparajini. Zinki itashika wapi?

Haishiki. Mafiga hayapo, sita haijengeki, na kweli insulini ya simbilisi haifanyi zile sita za zinki na mnyama anaishi tu vizuri. Hii ilinisumbua kidogo, ju nilikuwa nimeanza kuamini zinki ni lazima. Kumbe ni njia ya kupakia, na kuna wanyama walipata njia yao. Homoni ya kukua ya binadamu nayo inatumia zinki kujipakia mbili mbili, na hapo pia histidini ziko kazini, pamoja na glutamiki.

Na si kila shikano ni ya kupakia. Oksitosini ikienda kwa kipokezi chake inahitaji magnesiamu karibu ndo ishike kwa nguvu. Kwa karatasi yako ukitafuta mahali magnesiamu inakaa kwa oksitosini peke yake utakosa pa maana, ju inakaa katikati, mikono mingine ni ya homoni na mingine ni ya kipokezi, kama komeo linaloshika mlango na fremu. Kwa hivyo ukimaliza kuchora homoni jiulize pia kama kuna mwenzake ambaye hujamchora.

Ya kukhu nilipiga hesabu nikampigia simu. Insulini ya yuniti 100 kwa mililita ni karibu miligramu 3.5. Gawanya kwa uzito wa molekuli 5808 unapata karibu maikromoli 0.6. Zinki ni moja kwa kila insulini tatu, 0.2, zidisha na 65.4, ni kama maikrogramu 13 kwa mililita nzima. Hiyo ni ya mafiga peke yake, viwandani huongeza kidogo, mfano glargini iko na maikrogramu 30 kwa mililita. Mtu akidunga yuniti 10 hata ya hiyo yenye nyingi, ni maikrogramu 3. Mwili wa mama unahitaji kama miligramu 8 za zinki kwa siku kutoka kwa chakula, yaani ile ya sindano haifiki hata sehemu ya elfu mbili ya hiyo, omena na maharagwe ziko na nyingi kuliko chupa yake.

Ukimaliza praktiko usimwage ile shaba kwa mtaro unaoenda mtoni ama kwa dimbwi la samaki, shaba inaua samaki kwa kiasi kidogo sana, weka kwa chupa ya taka za labu.

Kukhu alisikiza yote mpaka mwisho, mafiga, sufuria, simbilisi. Akanyamaza kidogo. Alafu akaniuliza, sasa na hiyo zinki yote ya miaka, damu yake si haitawahi kushika kutu.